Kasri la Unguja na Mitaa Yake

Mgeni afikaye Unguja kwa njia ya bahari huuona mji kabla ya kukanyaga nchi kavu. Chombo kinapokaribia Malindi, safu ya majumba meupe hujitokeza mbele yake, nayo imeelekea maji kama watu waliotoka kumlaki. Katikati ya safu hiyo ndipo walipokaa wafalme. Hapo pana kasri lililosimama mahali pa Beit al-Sahel, yaani Nyumba ya Pwani. Kando yake pana bustani na makaburi palipokuwa Beit al-Hukm. Na baada ya bustani ndipo ilipojengwa Beit al-Ajaib, Nyumba ya Maajabu, iliyoyapita majumba yote ya ufukwe huo kwa kimo. Nyuma yao mapaa ya mitaa yamebanana, hata mtu hawezi kutambua kwa mbali nyumba moja inapokwisha na nyingine inapoanza.

Macho ya mgeni husimama juu ya majumba ya mbele, na mitaa ya nyuma huipita upesi. Kosa hili si la wageni tu. Habari za Unguja zimeandikwa mara nyingi kwa mpango huo huo: wafalme mbele, kwa majina na miaka yao, na watu nyuma bila majina. Walakini kasri na mitaa yake vilijengwa kwa mawe ya namna moja, kwa mali iliyopita njia moja, na kwa mikono ya watu wa hali moja. Atakaye kulifahamu kasri hana budi kutoka mlangoni mwake na kutembea mpaka Ng'ambo. Na atakaye kuamua kama majumba hayo yastahili kutunzwa au kuachwa yaanguke hana budi kujua kwanza kuwa ni ya nani.

Seyyid Said bin Sultan, wa ukoo wa Busaidi, alikuwa ametawala Oman zaidi ya miaka 20 alipofika Unguja kwa mara ya kwanza, mwaka 1828. Kisiwa kilimpendeza kwa maji yake matamu, kwa bandari yake njema, na kwa ardhi yake iliyoikubali mikarafuu. Alijenga Mtoni, kaskazini ya mji, kisha Beit al-Sahel mjini penyewe, na kiasi cha mwaka 1840 makao ya enzi yake yalikuwa yamekwisha kuhama Maskati. Mwaka 1833 alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na vitambaa vya nchi ile vikaenea hadi bara, vikabaki na jina la merikani katika vinywa vya wanunuzi ambao hawakupata kujua Marekani iko wapi. Misafara ilipanda mpaka Tabora na Ujiji ikichukua nguo na shanga, ikarudi na pembe za ndovu na watu. Pembe zilivushwa bahari. Watu waliuzwa sokoni, na wengi wao wakapelekwa mashambani kupalilia na kuchuma karafuu.

Hiyo ndiyo iliyokuwa hazina ya kasri. Mfalme alipokea ushuru wa kila kilichopita forodhani, naye mwenyewe alikuwa na mashamba makubwa. Haikupatikana taa ya ukumbini, wala zulia, wala kioo chenye fremu ya dhahabu, isipokuwa kwa fedha iliyotoka katika njia hizo mbili, ya forodha na ya shamba. Na njia zote mbili zilipita juu ya mabega ya watu.

Mawe nayo yana habari zake. Majumba ya Unguja yalijengwa kwa matumbawe yaliyochimbwa kisiwani, yakashikanishwa kwa chokaa iliyochomwa kutoka katika matumbawe hayo hayo. Dari zilibebwa na boriti za mikoko zilizokatwa katika vinamasi vya pwani, kama vile vya mdomo wa Rufiji. Boriti ya mkoko ina kipimo chake ambacho haiwezi kuzidi, kwa hiyo chumba cha nyumba ya Unguja huwa kirefu kama mtu apendavyo, lakini upana wake hauzidi sana mita 3. Mfalme aliweza kuongeza ghorofa juu ya ghorofa na ukuta juu ya ukuta; upana wa chumba chake cha kulala uliamuliwa na mti, kama ulivyoamuliwa upana wa chumba cha mfanyabiashara aliyekaa mtaa wa pili. Aingiaye kasrini akakumbuka jambo hili huona kwamba jumba la enzi na nyumba za mjini ni watoto wa fundi mmoja.

Mambo yaliyotendeka ndani ya kuta hizo yajulikana zaidi kwa kalamu ya binti mmoja wa Seyyid Said. Salme alizaliwa Mtoni mwaka 1844, na mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi. Watoto wa kike wa jumba walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa siri katika manowari ya Kiingereza. Mwaka uliofuata akabatizwa huko Aden na kuolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete. Na mwaka 1886, akiwa mjane tangu miaka 16, akatoa kwa Kijerumani kitabu cha kumbukumbu za maisha yake. Alifariki Ujerumani mwaka 1924. Kasri lilipofanywa makumbusho, mwaka 1994, chumba kimoja kilitengwa kwa habari zake, naye aliyetoka kwa kujificha akapewa nafasi ambayo ndugu zake wengi hawakupata.

Salme asimulia katika kitabu chake kwamba watu wa Mtoni walikuwa kama 1,000, na kwamba mbele ya baba yake Kiarabu peke yake ndicho kilichofaa kusemwa. Lakini mzee alipogeuza uso, nyumba ilijaa lugha: Kiajemi na Kituruki, Kicherkesi na Kihabeshi, Kinubi na Kiswahili. Msomaji wa haraka hufurahia habari hii kama kichekesho cha nyumba kubwa. Msomaji wa taratibu hujiuliza lugha hizo zilifikaje pale. Hazikuletwa na wageni waliokaribishwa. Zililetwa na wanawake na wanaume walionunuliwa, au waliotolewa zawadi, kila mmoja akiwa amebeba kinywani kitu pekee ambacho mnunuzi hakuweza kumvua. Orodha ya lugha za kasri ni ramani ya nchi zilizonyang'anywa watoto wao. Na Salme mwenyewe, ijapokuwa alizaliwa na mama aliyenunuliwa, aliutetea utumwa wa nchi za Kiarabu katika kurasa za kitabu hicho hicho. Aliona mengi kutoka dirishani mwa kasri, lakini dirisha la kasri halikutazama kila upande.

Seyyid Said alifariki baharini mwaka 1856, akirejea kutoka Oman, akazikwa karibu na Beit al-Sahel. Enzi yake iligawanyika baina ya wanawe: Thuwaini akashika Oman na Majid akashika Unguja, na mgawanyiko huo ukathibitishwa mwaka 1861. Majid alipofariki mwaka 1870 alifuatwa na ndugu yake Barghash, ambaye alama zake mjini zimeonekana kuliko za mfalme mwingine yeyote.

Seyyid Barghash alikuwa ameionja dunia. Aliasi mwaka 1859 ili ampokonye Majid kiti, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay. Na alipokuwa Sultani alizuru London mwaka 1875. Aliyoyaona huko aliyataka Unguja. Alileta maji ya chemchemi kwa mifereji hadi ndani ya mji, akajenga hamamu iliyoupa mtaa wa Hamamni jina lake, akaweka mtambo wa kupiga chapa vitabu. Mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib. Hapo yasimuliwa kwamba zamani palikuwa na nyumba ya Mwana Fatuma, malkia wa Unguja wa karne ya 17, aliyekuwa rafiki wa Wareno. Nguzo za chuma zilizoletwa kutoka ng'ambo zilibeba roshani pana pande zote za jumba, dari zikainuliwa juu kuliko ilivyozoeleka, milango ikachongwa na kutiwa maandishi ya Kurani, na baadaye umeme na lifti vikatiwa ndani. Watu wa mji hawakuwa wamepata kuona mfano wake, wakaliita kwa kile walichokisema walipoinua nyuso zao: ajabu.

Lakini miaka 10 kabla ya ajabu hiyo palikuwa na jambo jingine. Tarehe 5 Juni 1873, akikabiliwa na tishio la manowari za Kiingereza, Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga masoko yao. Soko la Mkunazini likafungwa. Utumwa wenyewe haukufungwa. Siku ambayo fundi aliweka nguzo ya kwanza ya Beit al-Ajaib, mtu aliweza bado kumilikiwa na mtu mwingine katika mtaa wowote wa Unguja, na sheria ikamlinda mwenye kumiliki. Amri ya kuondoa hali ya utumwa haikutoka ila mwaka 1897, wakati wa Seyyid Hamoud bin Muhammed, na hata hapo mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuudai uhuru wake. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka mwaka 1909. Kwa hiyo uhuru ulifika mashambani kabla ya kufika ndani kabisa ya nyumba za wakubwa.

Kabla ya amri ya 1897, kasri lilikuwa limekwisha kupigwa. Unguja ilikuwa chini ya himaya ya Waingereza tangu mwaka 1890. Seyyid Hamed bin Thuwaini alipofariki tarehe 25 Agosti 1896, Khalid bin Barghash aliingia kasrini na kujitangaza Sultani bila ya ridhaa yao. Alikusanya watu kama 2,800. Baadhi yao walikuwa askari wa jumba. Wengi walikuwa watu wa mjini, na mamia walikuwa watumishi na watumwa wa kasri. Tarehe 27 Agosti, saa 3 na dakika 2 za asubuhi, manowari za Kiingereza zilianza kupiga. Dakika 38 baadaye, kwa hesabu iliyo mashuhuri, bendera ilikuwa imeshuka na vita vimekwisha. Katika upande wa kasri waliouawa na kujeruhiwa, wanaume kwa wanawake, walikuwa kama 500. Katika upande wa manowari alijeruhiwa baharia mmoja.

Vita hivi husimuliwa duniani kote kwa ufupi wake, na watu hucheka. Afaaye kukumbukwa ni mtu aliyesimama nyuma ya kizuizi cha magunia na masanduku asubuhi ile. Khalid alitoka, akakimbilia kwa balozi wa Kijerumani, akavushwa hadi Dar es Salaam. Akaishi miaka mingine 30, akafariki Mombasa mwaka 1927. Mtumwa wa kasri hakuwa na balozi wa kumkimbilia. Alifia nyumba ambayo hakuimiliki, kwa ajili ya kiti ambacho hangekikalia, miezi michache tu kabla ya amri ambayo ingempa ruhusa ya kuudai uhuru wake.

Beit al-Hukm ilibomoka, na Beit al-Sahel ikaharibika vibaya, hata kasri lionekanalo hapo likajengwa baada ya vita. Madaraja ya juu yaliyofunikwa, ambayo wanawake wa ukoo wa kifalme waliyapita kutoka jumba moja hadi jingine bila ya kuonwa na watu wa njiani, yalitoweka. Beit al-Ajaib haikudhurika sana. Mnara wa taa uliokuwa mbele yake uliharibika ukaondolewa, na mwaka 1897 ukajengwa mnara mpya juu ya uso wa jumba lenyewe, wenye saa. Tangu hapo mji ulitazama saa katika nyumba ya mfalme. Lakini aliyeamua mambo ya mji kwa saa hiyo alikuwa Mwingereza, na katika karne iliyofuata jumba likawa afisi za serikali yake.

Mgeni akitoka hapo huipita Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, akaiacha bustani ya Forodhani upande wa bahari, kisha akaingia vichochoroni. Mambo hubadilika mara moja. Jua, lililokuwa likipiga wazi ufukweni, hukatwa na kuta ndefu, na upepo wa bahari hupita katika vichochoro kama maji katika mfereji. Mbele ya nyumba mna baraza za mawe zilizoungana na kuta. Juu ya baraza hizo wazee hukaa baada ya sala ya Alasiri, wauza kahawa husimama na madele yao, na neno lililotoka Malindi asubuhi hufika Shangani kabla ya jioni. Mwenye nyumba aliyejenga baraza alitoa sehemu ya mali yake kwa mpita njia asiyemjua. Kasri lilikuwa na kuta za kuzuia watu. Nyumba ya mtaani ilikuwa na baraza ya kuwaketisha.

Mitaa hiyo, Kiponda, Hurumzi, Malindi, Shangani, ilikaliwa na watu wa asili nyingi: Waomani na Washihiri, Wangazija, Mabohora, Waismailia, Mabaniani na Wagoa, pamoja na Waswahili wa miji ya pwani yote na watu wa bara walioletwa au waliokuja. Kila kundi lilikuwa na nyumba yake ya ibada, na desturi zake za arusi na maziko. Lakini muuzaji na mnunuzi walihitaji lugha moja, na lugha hiyo haikuwa ile iliyotakiwa mbele ya Seyyid Said. Ilikuwa moja ya zile zilizosemwa alipogeuza uso.

Kutoka hapo si mbali kufika Mkunazini. Mahali palipokuwa soko la watumwa pamesimama kanisa ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1873, mwaka ule ule soko lilipofungwa, na yasemwa kwamba altare imewekwa pale uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Aliyesimamia kazi hiyo alikuwa Askofu Edward Steere, ambaye jina lake wanafunzi wa Kiswahili walijua kwa sababu nyingine: mwaka 1870 alichapisha kitabu cha sarufi ya lugha kama ilivyosemwa Unguja, pamoja na mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na wenyeji. Mwaka 1928, mkutano uliofanyika Mombasa ulipendelea Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha kwa nchi nne za Afrika ya Mashariki. Kwa hiyo maneno ambayo mtoto wa Mwanza, wa Nairobi au wa Kigoma huyakuta katika kitabu chake cha kwanza yalitiwa umbo katika mitaa hii, juu ya baraza na mbele ya maduka. Wengi waliouendeleza usemi huo walifika hapa wakiwa na lugha nyingine, wakaipoteza kwa nguvu, wakaishika hii na kuifanya yao. Hakuna jumba la Unguja lililofika mbali kama kazi yao ilivyofika.

Baada ya Mkunazini ni Darajani. Hapo palikuwa na mkono wa bahari ulioutenga mji wa mawe na upande wa pili, na daraja ndilo lililoviunganisha. Mkono huo ulifukiwa hatua kwa hatua, daraja likaisha kazi, jina likabaki. Aliyekuwa upande wa mawe aliuita upande wa pili Ng'ambo, naye aliyekaa huko akalikubali jina, ingawa lilimpima kwa kusimama mahali pa mwenziwe. Ng'ambo ndiko walikokaa wachukuzi, wavuvi, mafundi, wauza mboga, watumwa walioachwa huru na watoto wao. Nyumba zao zilikuwa za miti na udongo, zikaezekwa makuti. Na juu ya viwanja walivyokaa wengi walitozwa kodi ya ardhi na wenye mali. Asubuhi walivuka daraja kwenda kuutumikia mji, jioni wakavuka kurudi.

Huko Ng'ambo ndiko alikohamia Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba kiasi cha mwaka 1880, katika nyumba ya watu maskini wenye asili ya utumwa, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuuza vyungu. Wakati huo muziki wa taarab ulikuwa wa kasrini. Mapokezi yasema kuwa Seyyid Barghash ndiye aliyeutamani kutoka Misri, akampeleka Mohammed bin Ibrahim huko kujifunza. Uliimbwa kwa Kiarabu, mbele ya wakubwa, na waimbaji walikuwa wanaume. Siti aliuchukua muziki ule, akauimba kwa Kiswahili, akatia ndani yake habari za mtaani: mwanamke aliyedhulumiwa, tajiri mdanganyifu, hakimu na hukumu yake. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay na sauti yake ikatiwa katika santuri. Na santuri hizo zikauzwa pwani na bara. Watu wa kasri nao walimwalika akawaimbie. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu, jambo ambalo mtu wa kasri hakulipata katika kalamu yake. Kitu kilichoagizwa kwa fedha ya mfalme kilivuka Darajani na kupata lugha. Na kiliporudi kasrini, mfalme alikaa akasikiliza.

Tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi yalimwondoa Seyyid Jamshid bin Abdullah, mwaka mmoja haujatimia tangu ashike kiti, na mwezi mmoja tu tangu Unguja ipewe uhuru na Waingereza. Kasri likaitwa la wananchi. Beit al-Ajaib ilitumiwa kwa mafunzo ya siasa ya chama cha Afro-Shirazi, na mwanzoni mwa karne ya 21 ikawa makumbusho ya historia na utamaduni. Wakati huo ndani ya ukumbi wake uliundwa mfano wa mtepe, chombo cha pwani kilichoshonwa kwa kamba bila ya msumari. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Sifa hazishikilii ukuta. Bahari hutoa chumvi, mvua hupenya darini, na chokaa isiyopakwa upya kila mara hupoteza nguvu. Mwaka 2012 sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka, jumba likafungwa. Tarehe 25 Desemba 2020, lilipokuwa katika matengenezo yaliyosaidiwa na serikali ya Oman, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wa saa iliporomoka. Watu wawili walipoteza maisha.

Baada ya msiba huo liliulizwa tena swali ambalo Mapinduzi hayakulimaliza. Wapo wanaosema kwamba jamhuri haina wajibu wa kuijenga upya nyumba ya Sultani, hasa nyumba iliyoinuliwa kwa faida ya utumwa. Waliokandamizwa wasilipie mara ya pili fahari ya waliowakandamiza. Wapo wanaojibu kwamba jumba ni uzuri wa nchi na chanzo cha fedha za wageni, na kwamba yaliyopita si ndwele. Maneno ya upande wa kwanza yana haki ndani yake, na ya upande wa pili yana manufaa. Lakini pande zote mbili hukubaliana katika jambo moja bila ya kujua: kwamba nyumba ni ya Sultani. Mmoja ataka ianguke kwa sababu hiyo, mwingine ataka isimame ijapokuwa hivyo.

Mitaa yasema vingine. Matumbawe hayakuchimbwa na Sultani, wala chokaa hakuichoma, wala boriti hakuzikata matopeni. Karafuu zilizolipa gharama hakuzichuma. Waliofanya hayo hawakuandikwa popote: hawana makaburi katika bustani ya wafalme, wala chumba katika makumbusho, wala kitabu cha kumbukumbu. Ukuta ndio karatasi yao. Ukiachwa uanguke, aliyepoteza nyumba si mfalme, kwa kuwa mfalme ana majina yake katika vitabu vya lugha nyingi. Aliyepoteza ni yule ambaye alama ya mkono wake haiko mahali pengine. Na ukijengwa upya ukatiwa rangi, ukasimuliwa kwa majina ya masultani peke yao, basi huyo huyo amefukiwa mara ya pili, na safari hii kwa saruji mpya.

Kwa hiyo kuyatunza majumba ya Unguja ni kazi yenye sharti. Sharti lenyewe ni kwamba aingiaye Beit al-Ajaib aelezwe kuhusu Mkunazini kabla hajaonyeshwa milango yake. Na aonyeshwaye chumba cha Salme aambiwe pia kuhusu wanawake waliozungumza lugha sita nyuma ya mgongo wa mfalme. Na atazamaye bustani ya Beit al-Hukm ajue kwamba hapo, asubuhi moja ya Agosti, walianguka watu ambao hawakuhesabiwa mmoja mmoja. Hapo nyumba itakuwa imerudishwa kwa wenyewe.

Mgeni aliyetembea njia hii yote hurudi bandarini jioni, wakati Forodhani inawashwa taa na moshi wa mishikaki unapanda. Chombo hung'oa nanga, na safu ya majumba hujipanga tena mbele ya macho yake kama ilivyokuwa alipofika. Mawe ni yale yale. Lakini sasa huyatazama mapaa ya nyuma kwanza.